Nyongo Yangu na Mwanamke wa Muyinga

Jamani, aibu hii nimeinyamazia tangu vita, na hata leo nikiona sinia la pilau uso unapata joto. Mimi ni mwanamke wa Gitega, mwili ninao (wa kurithi, msinicheke), na mume wangu Rashidi alikuwa anauza vitenge mji mwingine, Muyinga, ambako watu waliniambia kuna Zubeda, mwembamba, anayemchekea kila siku sokoni. Wivu ukanishika mpaka usingizi ukanipaa. Nikaamua nami nikonde, tena haraka, kabla hajaniletea mwenza.

Nikawa nakula mara moja kwa siku, muhogo na chai kavu, na alfajiri nakimbia kuzunguka ua (nje haiwezekani, siku zile ukionekana unakimbia mtaa wote unajitwika magodoro unakufuata ukidhani vita vimefika), nikakonda kweli, mashavu yakaingia ndani, nguo za usichana zikaanza kunitosha. Kusikia binamu yake Rashidi anaoa huko Muyinga, nikapanda gari la kwenye msafara unaosindikizwa na askari, nimevaa gauni la kubana ili huyo Zubeda anione vizuri.

Nikasikia wakimwita Zubeda: mwembamba kweli, na ndiye aliyekuwa anapakua pilau. Nikamchukia hapo hapo. Lakini njaa ikanishinda, nikala sahani mbili zinazong'aa mafuta, na kabla sijanawa maumivu yakanikamata chini ya mbavu za kulia, yakapanda mpaka begani, nikatapika mbele ya bibi harusi, gauni likapasuka mgongoni, nikabaki chini naugulia.

Wakanibeba, Rashidi na Zubeda pia, mpaka hospitali. Daktari akanibonyeza tumbo, akauliza nimekuwa nikila nini, nikamsimulia muhogo na mbio za uani, akasema kijiwe kimeziba njia ya nyongo: mtu akikonda upesi hivyo, ini linamwaga mafuta mengi kwenye nyongo, na asipokula, nyongo inakaa pale pale mpaka inaganda kuwa kijiwe.

"Kukimbia si mubaya, mama. Ni njaa ndo imekuponza." Kisha akawageukia waliosimama mlangoni. "Nani iko wa kwake hapa?"

Rashidi akatazama viatu vyake. Zubeda, kanga yake imejaa matapishi yangu, akajibu taratibu, "Ni mi, dogiteri. Tuko wake wenza toka mwaka jana."

Kumbe nilijitesa kote kule kuzuia ndoa iliyokwisha fungwa. Wivu ninao mpaka leo, siufichi, ila nimeapa: nitamwonea Zubeda wivu huo nikiwa nimeshiba.