Mchanga wa Chini ya Daraja

Mume wangu alikuwa akichimba mchanga chini ya daraja. Ni daraja la tao, upinde mmoja mkubwa wa zege ulioruka mto. Mguu mmoja uko kwetu Migori, mwingine uko Tanzania, na barabara kuu inapita juu. Dada yangu ameolewa ng'ambo. Kila siku ya soko nilivuka na gunia la omena, dagaa wa ziwani, kutoka Muhuru Bay, nikamwachia auze.

Jumatano moja nilimpelekea mume wangu chakula. Alikuwa shimoni na rafiki yake, Mkatoliki mcheshi ambaye mimi na mkewe tulikuwa tukiteka maji pamoja. Nilipoinama kuweka sufuria nikauona mguu wa daraja. Zamani ulikuwa umezama ardhini. Sasa ulikuwa wazi kuliko kimo changu, mweupe kwa chini kama jino lililotokwa na ufizi.

"Baba watoto, mmechimba mpaka kwenye msingi."

"Daraja hili linabeba malori ya saruji," akasema. "Litashindwa na beleshi?"

Rafiki yake hakucheka. "Shemeji, hata mimi naogopa. Tukijaza hii tipa ya mchanga ya Jumamosi, tunahama."

Usiku huo mvua zikaanza milima ya Kisii, maji yakaja mekundu. Juu ya daraja, pale lami inapokutana na zege, palitokea ufa. Alhamisi kiliingia kidole. Ijumaa kikaingia kiganja. Nikamwambia askari wa kizuizi cha mpakani.

"Mama, mimi nakagua vitambulisho," akanijibu. "Sikagui madaraja."

Sisi ni Wasabato, kwa hiyo Jumamosi hiyo mume wangu hakwenda shimoni. Rafiki yake alikwenda peke yake. Tulikuwa kanisani katikati ya somo shemasi alipoingia na kumnong'oneza mume wangu sikioni. Aliinuka bila Biblia yake, akatoka. Nikamfuata mbio.

Ukingo ulikuwa umeporomoka. Shimo halikuwapo tena, palikuwa na kilima cha udongo mbichi tu, na mpini wa beleshi umechomoza. Mume wangu akaanza kuchimba na suti yake ya kanisani, akiliita jina la rafiki yake. Wanaume wengine wakaja. Lakini kila lori lilipopita juu, udongo ulimiminika upya na vipande vya zege vikadondoka majini.

Nikapanda barabarani, nikasimama katikati ya njia na kunyoosha mikono. Lori la kwanza lilisimama karibu kunigusa.

"Mama, umechoka na maisha?" dereva akafoka.

"Chini kuna mtu! Ukipita unamzika!"

Malori ya ng'ambo yakaendelea kuja. Nikampigia dada yangu simu, nikapiga kelele tu, sikumbuki maneno. Baada ya muda nikamwona ng'ambo ile, na kanga yake kiunoni, amesimama mbele ya basi. Tulisimama hivyo, kila mmoja katika nchi yake, daraja likiwa tupu kati yetu. Kulikuwa kimya. Katika kimya hicho nililisikia zege likilia, mlio mwembamba kama wa mlango unaosukumwa polepole.

Alasiri wakamtoa. Alikuwa amekufa. Mume wangu alimfuta mchanga mdomoni kwa tai yake, akakataa mtu mwingine amguse.

Daraja lilifungwa majuma kadhaa. Watu wakaja na mawe na saruji, wakaufunika ule mguu, wakapaka ufa lami. Malori yakarudi. Siku hizi mume wangu analima miwa, na akitaka kumsalimu dada yangu anamwita avuke yeye. Wachimbaji wengine wamekuja, wamejichagulia mahali nyuma ya kona ya mto ambapo askari hawaoni.

Baada ya mazishi nilimpelekea mjane uji. Aliupokea, akauweka chini.

"Mlijua pale panaweza kubomoka?" akaniuliza.

Ningeweza kusema hapana. Mume wangu alikuwa mlangoni, akiangalia viatu vyake.

"Tulijua," nikasema. "Hata yeye alijua."

Akatikisa kichwa taratibu, akaingia ndani. Tangu siku hiyo anateka maji kisima kingine.