Chombo Hakiendi Kitupu

Hadi leo nikisikia harufu ile kali ya gundi ya kuzibia faibaglasi, moyo unacheka wenyewe. Ndiyo harufu ya mashua yetu ya matanga, iliyokaa mtaa wa Ghala katika uwanja wa karakana ya Baba ya viyoyozi, imesimamishwa juu ya vyuma baina ya mabodi ya malori, mahali ambapo bahari huioni hata ukipanda juu ya paa. Baba aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Mafundi wa gereji za jirani walikuja na vikombe vyao vya chai ya karak, wakaizunguka, wakacheka. Baba naye akacheka, akaendelea kupiga msasa. Wakati wa baridi nani anamwita fundi viyoyozi Maskati? Alikwisha kata shauri: upepo wa kaskazini ungetusukuma kusini mpaka Salala, kwa dada yake, Shangazi Zuwena, aliyekuwa anamwoza binti yake.

Mipango ilifanyika nyumbani, Khuwair ya Kusini, baada ya Magharibi, ramani imetandazwa juu ya zulia, pembe zake zimekandamizwa kwa vikombe vya kahawa. Baba alibishana na Mjomba Seif, ndugu yake Mama, ambaye ndiye aliyejua tanga kweli, wapi tutie nanga: Sur, Masira, Hasik, Mirbat. Nilikuwa msichana wa miaka kumi, na majina yale niliyashika kabla ya jedwali la saba, maana nami nilikuwa baharia. Baba aliniahidi kitanda cha mbele kabisa, chembamba kama rafu ya kabati, chenye kidirisha cha kutazamia mbingu. Nilikitaka kitanda kile kuliko nguo ya Idi. Mama alikubali kwa sharti moja, nizoee kuvaa jaketi la kujiokolea. Nikalivaa basi: nikala nalo wali, nikafanya nalo hesabu, nikawafungulia nalo wageni mlango. Hata ule mstari mwekundu ubavuni, unaoonyesha maji yasipande kupita hapo, nilipewa mimi niupake. Niliupaka ulimi nje, na ulinyooka, wallahi.

Kosa letu lilikuwa kumwambia Bibi. Bi Salma, mama yake Baba, alikulia Unguja, katika nyumba ambayo chombo kikiondoka mtaa mzima una habari, na kila mwenye ndugu huko kinakokwenda hutuma amana yake. "Chombo hakiendi kitupu, mwanangu," alimwambia Baba. "Nnaona haya mie. Watu watasemaje?" Akanyanyua simu. Haba na haba hujaza kibaba, na chetu kilijaa mpaka kikamwagika: ndoo za halwa, mablanketi, mapazia ya bi harusi, sufuria ambayo ningeweza kuogea ndani, na mbuzi ya kukunia nazi. Mjomba Seif alijaribu kwa adabu zote. "Bi Salma, malori yanakwenda Salala kila siku." Bibi akamtazama kwa huruma. "Lori halijui mtu, Seif." Baba, ambaye kwa wateja alikuwa mkali kama pilipili, alisema tu, "Haya, Mama," na mizigo ikaendelea kuja.

Siku ya kushusha mashua majini, mstari wangu ulionekana wote, mwekundu, mzuri, nikautazama kama mama anavyomtazama mwanawe. Kisha tukapakia. Kila ndoo ilipoingia, maji yalipanda, na ilipoingia sufuria mstari ukazama kabisa. "Chombo cha kuzama hakina usukani," alisema Mjomba Seif, "lakini hiki chetu hata gatini hakijatoka. Ama mzigo ushuke, ama mtu abaki." Hapakuwa na haja ya kuuliza mtu gani, kwa sababu kitanda changu kilijaa mablanketi mpaka kwenye kidirisha. Baba alichuchumaa mbele yangu, akaniambia kwa upole kwamba nitakwenda kwa ndege pamoja na Mama na Bibi, tena nitatangulia kufika. Nikalia kwa sauti kubwa, bila aibu, ndani ya jaketi langu.

Mlango wa gari ukafunguka. "Nani kamliza mtoto?" Bibi akaja polepole mpaka ukingoni, akakitazama kitanda, akanitazama mimi. Kurudisha amana za watu ilikuwa fedheha asiyoiweza, sote tulijua. Akaitengeneza shela yake. "Teremsheni," alisema. "Lori halijui mtu, nnasema bado. Basi mtu atakwenda nalo."

Ndivyo Bibi, aliyekuwa anachoka hata kufika Matrah, hapo hapo mjini, alivyovuka jangwa kutwa nzima ndani ya pikapu ya karakana, ngazi ya viyoyozi juu, Mama kwenye usukani, sufuria nyuma, mapazia ameyapakata. Kitu kimoja tu alituachia, ile mbuzi ya nazi, akanikabidhi mwenyewe kwa mikono miwili. Mstari wangu ukarudi juu ya maji. Nililala na mbuzi ile miguuni njia nzima, nikiwa na furaha ambayo sijui kama nimewahi kuipata tena. Tulipoingia Salala, Bibi alikuwa anatungojea bandarini, dafu mkononi. Hakuuliza habari za bahari. Aliuliza, "Mbuzi iko wapi?" Na jioni ile tulikula wali wa nazi iliyokunwa kwa mbuzi hiyo.

Sasa mashua imeuzwa, na Bibi ametangulia mbele ya haki. Salala nakwenda kwa ndege, sijamaliza juisi tumekwisha tua. Baridi iliyopita nilitangaza safari kwenye kundi la ukoo la simu. Wote wakanijibu safari njema, na hakuna aliyenituma kitu. Watu siku hizi wanaagiza kwa simu, na malori yasiyojua mtu yanafikisha. Begi langu likafungika mara moja. Wepesi ule niliuchukia. Njiani kwenda uwanjani nilimwambia mume wangu asimame dukani, nikanunua ndoo ya halwa, nikaipakata mpaka Salala. Shangazi Zuwena, mzee sasa, alifungua mlango akatazama mikono yangu kabla ya uso.

"Kakutuma nani?" aliuliza.

"Bibi," nikamwambia, naye akaipokea kwa mikono miwili.