Karatasi Aliyoichana Susu

Nilikuwa na miaka kumi na minne, niko darasa la sita, na sijui kusoma. Tena nilikuwa nasifiwa! Kitabu cha hadithi kilikuwa kimoja kwa wasichana wanne, na binamu yangu alikisoma kwa sauti tukienda kuchota maji. Nikisikia mara mbili, kimeingia. Darasani nilikishika, nikainamisha kichwa, nikatiririka. Hata pa kugeuza karatasi nilipajua.

Kisha tukaambiwa inspekta anakuja. Yeye ndiye angesema nani aende la saba. Baba alikuwa ametamka mara moja, na baba harudii maneno: nikirudia darasa, nabaki nyumbani na mbuzi.

Siku hiyo kitabu nilikuja nacho mimi, maana kililala kwetu. Inspekta akaninyooshea kalamu. "Wewe mrefu. Soma, ukurasa wa ishirini na tisa."

Nikaanza hadithi ya punda aliyetoroka sokoni. Nikageuza. Binamu akanifinya paja. Nikadhani ni wivu, mjinga mimi! Nikaendelea mpaka punda akakamatwa. Inspekta akanyoosha mkono.

"Lete hicho kitabu."

Akakitazama, akanitazama. "Kutoka thelathini kinaruka hadi thelathini na tatu. Karatasi imechanwa. Hayo umeyasoma wapi?"

Anayesoma angeona pengo. Mimi nilikuwa siangalii kitu. Akaweka kidole juu ya neno moja, neno fupi tu. "Hapa pameandikwa nini?"

"Sijui," nikasema. Nilitamani ardhi inimeze.

Nyumbani baba alikuwa zizini, ananingoja. "Umepita?"

"Nimeambiwa nirudie. Kitabu kilikosa karatasi." Kila neno hapo lilikuwa kweli, na nilikuwa nadanganya.

Susu, nyanya yangu, alikuwa ameketi karibu. Akafungua fundo la leso kiunoni, akatoa ugoro wake. Ulikuwa umefungwa kwa karatasi yenye picha ya punda. Akaikunjua mbele yetu.

"Ni mimi niliichana jana," akamwambia baba. "Nilidhani ni karatasi tu. Usimtoe mtoto shule kwa kosa langu. Mbuzi nitachunga mimi."

Akachunga mwaka mzima, na magoti yake yale mabovu. Jioni nikimkanda kwa maji moto nilikuwa nasikia aibu, wacha tu. Mchana binamu alinifundisha herufi moja moja, bila huruma, akinigonga vidole nikibahatisha. Nikasoma. Nikaanza kutafuta hata magazeti ya kufungia sukari.

Kitu cha kwanza nilichomsomea susu ni karatasi ile ile, kwa macho yangu, taratibu, ikinuka ugoro mpaka napiga chafya. Alicheka sana punda alipokamatwa. Kisha akanishika mkono, akaniomba msamaha tena kwa mwaka alionipotezea.

Baba hakuwepo. Tulikuwa wawili tu, na mdomo wa kusema ukweli nilikuwa nao.

"Nimekusamehe, Susu," nikamwambia.