Mazingaombwe ya Baba

Kwetu Pemba neno mazingaombwe halikupata kupumzika. Mtu akija sokoni Chake Chake, akarusha machungwa matatu juu na kuyadaka yote, hayo mazingaombwe. Mganga akichomoa sindano kwenye goti lisilokuwa na sindano, mazingaombwe. Na baba yangu akifungua mdomo kuahidi watu, mama hunong'ona, "Haya, mazingaombwe hayo yameanza."

Zilikuwa zama za siasa. Wa chama hiki hanunui dukani kwa wa chama kile, hali chakula chake, wala hamziki maiti wake. Baba alikuwa na kadi zote mbili: moja mfukoni mwa kanzu, nyingine chini ya msala wa kusalia. Mikutano yote alipiga makofi. "Mimi sina ugomvi na mtu," akijigamba. Sema huna msimamo, mzee wangu!

Ikaja harusi yangu. Chakula cha harusi hupikwa na majirani. Biharusi hukaa ndani, kazi yake kuona haya. Baba akaenda kwa kila upande kwa siri: "Wapishi ni nyie, msimwambie mtu."

Asubuhi ya harusi wakafika wote, kila upande na masufuria yake.

"Mzee, wapishi sie au hawa?"

Baba akakohoa, akasema anawahi msikitini. Msikitini, saa tatu ya asubuhi! Majirani wakabeba masufuria yao, wakaenda zao. Ikabaki nyama mbichi, mchele, mama analia, na watu wa bwana harusi wako njiani kutoka Msuka.

Nilipandwa na hasira na aibu. Wakwe waje wakute jiko baridi? Nikajifunga kanga kiunoni, nikatoka uani na hina yangu mikononi, nikawasha moto.

"Yarabi! Biharusi yuko jikoni!" shangazi akapiga ukelele.

"Basi njoo ukate vitunguu," nikamwambia.

Tulikuwa na sufuria moja tu, tukapika mara tatu. Wageni walikula wakashiba. Mama mkwe alipokuja kunitazama alikuta hina imeliwa na masizi. Baba alirudi pilau imeshaiva, akala sahani mbili, akauliza mbona chumvi haba.

Mpaka leo huko Msuka mimi ni yule biharusi asiye na haya, aliyejipikia harusi yake. Baba walimsifu mpaka anazikwa: mzee wa watu, hakuwa na ugomvi na mtu.