Blanketi Juu ya Kichuguu

Baba yangu alikuwa na neno moja lililonichosha utotoni kuliko jembe: "Tazama." Tunakwenda shambani, tumechelewa, jua limeshapanda, yeye huyo anasimama katikati ya njia. Tazama. Nini? Ua la boga. Ua la boga, jamani, ambalo limejaa kila shamba kutoka Chakol mpaka Malaba! Anainama, ananionyesha nyuki aliyejipaka unga wa manjano, anacheka peke yake, anasema asante Mungu, kisha tunaendelea. Hatua ishirini mbele, tazama tena. Mama alikuwa akisema yeye hakuolewa na mkulima, aliolewa na mtalii.

Mimi nilikuwa mtoto wa haraka. Na mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya sabini, haraka yangu ilikuwa na sababu. Nilikuwa nimeitwa kidato cha kwanza, shule ya bweni ya wasichana iliyosimamiwa na masista, upande wa Busia. Msichana wa kwanza katika ukoo wetu mzima! Barua ilikuja na orodha ya vitu, na chini kabisa mstari uliosema kwamba atakayefika bila kitu chochote kilichoandikwa atarudishwa nyumbani. Mstari huo niliusoma hadi nikaanza kuuota.

Sanduku la bati lilipatikana. Shuka, ndoo, sahani, vyote vikapatikana. Blanketi la kijivu, jipya, Mama alilinunua baada ya kuuza kuku wake wote, hata yule aliyekuwa anatamia. Vilivyobaki vilikuwa viatu vyeusi vya ngozi, na viatu vilikuwa mzigo wa Baba.

"Umevipata?" Nilimuuliza kila jioni.

"Vinakuja, mama." Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mamake.

"Vinakuja kutoka wapi?"

"Tazama mawingu yale."

Haki ya Mungu, kama si heshima ningepiga mayowe.

Siku moja kabla ya kufungua shule, mvua ilinyesha alfajiri, kisha jua likawaka vizuri. Nikafungua sanduku kukagua vitu vyangu kwa mara ya mia. Blanketi halimo. Nikatoa kila kitu nikakimwaga sakafuni. Halimo. Nikamkimbilia Mama, aliyekuwa uani akipeta wimbi.

"Muulize mtalii wangu," akasema bila kuinua kichwa. "Nimemwona akielekea kichuguuni na kitu kwapani."

Kwa wale ambao si wa kwetu, acha nieleze. Kwetu kichuguu kina mwenyewe, vile ng'ombe ana mwenyewe. Baba alirithi chake kwa babake, na kaka zangu wangekirithi baadaye. Msichana harithi kichuguu. Yeye ataolewa akale kumbikumbi wa huko aendako. Kumbikumbi hutoka baada ya mvua, lakini watu wetu hawangoji mdudu aamue. Wanamdanganya. Unasimika fito juu ya mashimo, unafunika mpaka ndani kuwe giza kabisa, unaacha upenyo mmoja wa mwanga, na hapo kwenye upenyo unachimba kishimo ukitandike jani. Halafu unaketi na vijiti viwili unagonga gogo kavu, taratibu, bila kuchoka, hata saa mbili, mpaka walio chini waamini mvua inanyesha. Wanatoka, wanafuata mwanga, wanatumbukia. Sharti ni moja: mtu asiseme. Wakisikia maneno ya watu hawatoki.

Kwa kawaida tulifunika kwa majani ya mgomba. Lakini wiki ile mvua ya mawe ilikuwa imechana migomba yote ikabaki nyuzi nyuzi, na blanketi lingine la nyumbani lilikuwa matundu matupu. Hayo nayajua sasa. Wakati ule nilichojua ni kwamba blanketi langu, ambalo hata mimi sijalilalia, lilikuwa limetandazwa juu ya kichuguu, mapindo yake yamekandamizwa kwa matope, na Baba ameketi kando yake juu ya kigoda, anagonga gogo, macho ameyafumba kwa raha.

"Baba!"

Akaweka kidole mdomoni. Mkono wa pili haukuacha kugonga. Akaniita karibu kwa kichwa, akaelekeza mdomo kwenye kishimo, na kwa midomo tu, bila sauti, akasema: tazama.

Ala! Lingekuwa neno lingine lolote ningestahimili. Nilishika pindo la blanketi kwa mikono miwili nikalivuta lote.

Walikuwa wamefika. Chini ya blanketi palikuwa pamejaa kumbikumbi, maelfu, wamepandana, mabawa yakimetameta. Mwanga uliwaingilia kutoka kila upande, nao wakainuka wote kwa pamoja. Wakatupita usoni, wakaniingia kwenye nywele, wakapanda juu ya miti. Mbayuwayu walikuja sijui kutoka wapi. Katika kishimo walibaki labda konzi mbili.

Baba aliacha kugonga. Nilingoja anichape, na ningefurahi anichape, maana ningepata pa kumalizia hasira yangu. Yeye alisimama, akavua kofia, akainua uso juu huku mdomo wazi.

"Tazama, mama," akasema kwa sauti sasa. "Wewe tazama tu."

"Hili ni blanketi la shule!" nikapiga kelele. "La shule! Umeniharibia!" Nikakanyaga waliokuwa chini, nikaondoka nalo mtoni, nikalifua nikilia hadi vidole vikachubuka.

Jioni Mama aliponikuta nimelianika karibu na moto ndipo aliponiambia. Fundi wa viatu wa Malaba alipenda kumbikumbi kupindukia. Alikuwa amepatana na Baba: debe moja la kumbikumbi, jozi moja ya viatu. Viatu vilikuwa vimeshashonwa kwa kipimo cha mguu wangu. Asubuhi hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuvikomboa, kwa sababu fundi hakosi wateja wa ng'ambo ya Uganda, ambako siku hizo kiatu na sabuni vilitafutwa kama dawa.

"Mbona hakuniambia?"

"Kichuguuni watu hawasemi."

"Angeniambia kabla!"

"Alitaka uone mwenyewe viatu vyako vikitoka ardhini." Mama akasonga ugali. "Haya. Hasira hasara."

Sikula.

Asubuhi nilikuta viatu vyeusi juu ya sanduku langu. Vilikuwa vya Baba, jozi yake pekee, vya kuendea kanisani, vimepakwa rangi vikang'aa, na mbele vimeshindiliwa karatasi.

"Ni vikubwa," nikasema.

"Mguu unakua."

Akafunga sanduku kwenye baiskeli, tukaondoka, yeye akiisukuma pekupeku. Njia nzima nilikuwa nikitengeneza maneno. Tulipovuka kijito nikajikaza. "Baba, jana mimi..."

"Tazama," akasema, akisimamisha baiskeli. Buibui alikuwa ametanda kwenye nyasi na umande umekaa juu ya nyuzi. Nilimkasirikia upya.

Langoni sista alikagua vitu kimoja kimoja. Akalikunjua blanketi akalikung'uta, na mabawa matatu ya kumbikumbi yakaanguka mezani. Akayaangalia. Akaangalia miguu yangu ndani ya vile viatu, akaangalia na miguu ya baba yangu, yenye matope mpaka vifundoni. Kisha akatia alama kwenye orodha, akasema, "Ingia."

Miguu yangu ilihitaji miaka mitatu kuvijaza. Miaka yote hiyo Baba alikwenda kanisani pekupeku, na waliomuuliza aliwaambia kwamba sakafu ya kanisa ina baridi tamu, wajaribu nao. Kila likizo nilirudi na samahani yangu tayari, na kila nikifungua mdomo kuna ndama, kuna upinde wa mvua, kuna mtama umechanua. Nawaambieni, kumwomba radhi mtu asiyeona kwamba amekosewa ni adhabu. Angenifokea siku moja tu! Angesema, wewe mtoto uliniacha bila viatu. Tungelia, yakaisha. Lakini yeye anashukuru, mimi nimebaki na deni kooni.

Nilipomaliza kidato cha nne, mvua za mwanzo ziliponyesha, aliniita nyuma ya jiko. Alikuwa ameanza kuzeeka, na bado alikuwa pekupeku. Palikuwa na kichuguu kidogo, hakifiki hata gotini, mahali ambapo zamani tulianika vyombo.

"Tazama," akasema. "Wale uliowaachilia, wengine walitua hapa."

Iwapo ni kweli sijui. Kumbikumbi hawana cheti cha kuzaliwa.

"Hiki sikukirithi kwa baba," akaendelea. "Hakuna kaka yako atakayekidai. Wewe ndiye uliyekipanda. Ni chako."

Juu ya kichuguu fito zilikuwa zimeshasimikwa, na juu ya fito blanketi la kijivu, lile lile, sasa limechakaa. Nikasema, "Baba, siku ile ya blanketi, mimi nili..."

Akaweka kidole mdomoni. Akanipa vijiti viwili.

"Sss," akanong'ona. "Watakusikia. Gonga."

Nikaketi chini nikagonga, machozi yakinichuruzika, na sikusema.