Alisema Anaringwa, Wakampa Viatu

Nilirudi kutoka Nairobi nilikokwenda kuchukua mzigo, nikamkuta mtoto wa dada yangu amevaa viatu vipya vyeusi vya ngozi, na uso wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Mimi nauza nguo za watoto za mitumba hapa Makutano, Meru. Kiatu kipya nakijua kwa harufu. Nikamuuliza dada yangu ni nani amekufa akawaachia urithi.

"Ni ofisi ya watoto," akasema. "Tulienda kushtaki wale wasichana wanaompiga njiani. Wakatupa viatu."

"Mlishtaki kupigwa, mkapewa viatu."

"Na soksi."

Soksi zilikuwa jozi mbili. Nilizihesabu, nikazihesabu tena, nikitafuta mahali ambapo kupigwa kulikuwa kumeingia. Sikupaona.

Msichana huyu yuko gredi ya saba. Shule yake ni ya kutwa, na kutoka geti hadi kwao kuna kijia kinachopita katikati ya mashamba ya kahawa. Wasichana watatu wa gredi ya tisa walikuwa wakimngoja humo kila jioni. Walianza kwa kumwaga chakula chake, wakaendelea kwa kuvuta nywele, wakafika kwa ngumi. Kufikia katikati ya muhula alikuwa amejifunza kila aina ya kuumwa na tumbo ambayo mtoto anaweza kuumwa asubuhi. Dada yangu ni mjane, anachuma kahawa ya watu, anatoka kabla hakujapambazuka. Hawezi kumsindikiza mtoto wala kwenda kumpokea. Kwa hiyo alikuwa ameamua kumpeleka Kiambere kwa nyanya yake mzaa baba, kule chini kwenye joto.

"Atasomea wapi huko?" nilimuuliza.

"Kuna mbuzi," akasema.

Yaani alikuwa ameshamwandikisha kwa mbuzi.

Mimi mwenyewe, kabla ya safari, nilikuwa nimeshaenda kugonga milango. Naibu wa mwalimu mkuu alinieleza kwa upole kwamba mambo ya nje ya geti si ya shule. Chifu msaidizi akanieleza, bila upole, kwamba mambo ya watoto wa shule ni ya shule. Nilikipima kile kijia kwa miguu yangu, kwenda na kurudi. Ni hatua mia saba na kitu, na kwa maelezo ya wakubwa hao wawili, hakuna hata hatua moja iliyo na mwenyewe.

Viatu vilikaa siku nne. Siku ya tano mtoto alirudi peku, mdomo umevimba kama andazi. Asubuhi iliyofuata nilifunga kibanda, nikamshika mkono, tukaenda kwenye hiyo ofisi.

Ni kontena lililopakwa rangi ya bluu, nyuma ya ofisi za serikali. Ukutani kuna bango la mtoto aliyeziba mdomo, na maandishi ya kutuambia tusinyamaze. Chini ya bango alikaa dada mmoja kijana, mgeni huku kwetu, aliyehamishwa kutoka Pwani mwezi uliopita. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Changu, mbele yake, kilionekana kama kimetolewa chini ya bunda la mitumba.

"Karibuni, mama. Niwasaidie nini?"

"Nisomee ile fomu ya huyu mtoto."

Akaitafuta, akaisoma kwa sauti nzuri ya kusomea habari: "Mtoto anaeleza kwamba wanafunzi wenzake humringia kila siku njiani. Anajihisi mnyonge. Mama ni mjane mwenye kipato duni. Pendekezo: asaidiwe viatu."

"Rudia hapo. Wanafanya nini?"

"Wanamringia. Wanajishaua mbele yake kwa vitu walivyo navyo."

Nikamgeukia mtoto. "Wewe, ulimwambia madam nini?"

"Nilimwambia wananiringa."

"Na yeye?"

"Akasema, 'Sema wananiringia.' Nikasema wananiringia."

"Kwa nini ukasema?"

"Nilifikiri ananisahihisha. Kama mwalimu wa Kiswahili. Na mama alikuwa ameambiwa angoje nje."

Nilikaa chini bila kukaribishwa. Nikamweleza yule dada, polepole, maana kosa halikuwa lake peke yake. Katika Kimeru, kuringa ni kupiga. Simu tunairinga. Ngoma tunairinga. Mtoto akivunja kikombe anaringwa. Huyu alikuja hapa kusema anapigwa, akapata alama sifuri ya sarufi na jozi ya viatu. Na viatu hivyo vimemfanya apigwe zaidi, kwa sababu sasa ana kitu cha kunyang'anywa.

Yule dada alishika mdomo, sawasawa na yule mtoto wa bango. "Yaa Rabi," akasema. Kisha ofisi ikamrudia. "Lakini faili limefungwa, mama. Limeshatiwa sahihi."

"Lifungue."

"Mfumo haukubali."

"Mfumo ulikubali viatu."

"Ili lifunguliwe, msaada uliotolewa lazima kwanza urudishwe hapa, tuuhakiki."

Aliyasema hayo kama mtu anayefunga mlango. Lakini mimi nimesimama sokoni miaka mingi, na najua kwamba mteja akishataja sharti, ameshaanza kununua.

"Sawa," nikasema. "Vitarudi leo. Ila haviko kwangu. Viko miguuni mwa msichana wa gredi ya tisa. Beba karatasi zako twende tukavihakiki."

Akatazama mlango wa ndani. "Inabidi nimuulize bosi, na bosi yuko semina."

"Semina ya nini?"

"Ya kuwalinda watoto."

Sikusema neno. Kwa hilo peke yake nastahili kupewa cheti.

Alikuja. Nitamsifu hapo: alivaa viatu vyake vya tope akaja. Naibu wa mwalimu mkuu, alipoona kitambulisho cha serikali kikining'inia shingoni mwa dada huyo, alitutolea viti ambavyo siku yangu havikuwepo. Mkubwa wa wale wasichana watatu akaitwa. Aliingia amevaa vile viatu, akiburuta kisigino kwa sababu vilikuwa vinambana.

"Umevitoa wapi?" akaulizwa.

"Alinipa."

"Vua kimoja."

Chini ya ulimi wa kiatu kulikuwa na muhuri wa ofisi, wa wino wa zambarau. Naibu akakohoa. Viatu vikahakikiwa, vikarudi miguuni mwa mwenyewe.

Yule dada wa Pwani akachukua fomu mpya, akainama hadi macho yake yakawa sawa na ya mtoto wetu. "Walikufanya nini?"

"Waliniringa," mtoto akasema. Kisha akamtazama, akingoja kusahihishwa.

Hakusahihishwa. Dada aliandika, akamgeuzia karatasi asome mwenyewe. Ilisema: "Walimpiga." "Ni hivyo?"

"Ni hivyo."

Hapo naibu akatangaza kwamba suala hili shule imekuwa ikilifuatilia kwa karibu. Nilimuuliza kwa karibu kiasi gani, kwa hatua. Akasema wazazi wa wale watatu wataitwa Jumatatu, na mwalimu wa zamu atakuwa akiwapeleka watoto hadi mwisho wa mashamba. Nikamwambia aandike. Akasema neno lake linatosha. Nikamwambia tumetoka kuona neno linaweza kufanya nini. Akaandika.

Tulipokuwa tunatoka, dada wa Pwani akafungua orodha yake. "Kumbe hapa kwenu mna mhudumu wa kujitolea wa ulinzi wa watoto. Atakuwa akimtembelea dada yako, aone watoto wanakula nini, amsaidie na fomu za karo." Akataja jina. Nikamwomba alitaje tena. Lilikuwa la mama wa posho mill, pale pale kijia kinapoanzia upande wetu. Watu wote tunasagisha mahindi kwake, na hakuna aliyejua.

Nilimwendea jioni hiyo. Alikuwa mweupe kwa unga hadi kwenye kope.

"Mama, wewe ndiye mlinzi wa watoto?"

"Tangu mwaka juzi. Walitufundisha siku tatu. Wakatupa fulana na kitabu cha ripoti."

"Na hukuona yanayotendeka hapo mlangoni pako?"

"Niliona sana! Niliwafokea mpaka sauti ikakauka."

"Mbona hukuripoti?"

"Kitabu kilijaa," akasema. "Nikaomba kingine. Bado nangoja."

Kuna siku mtu hukasirika mpaka hasira ikakosa pa kukaa. Nilikwenda dukani nikamnunulia daftari la mtoto wa shule, la mistari.

Jumatatu, safari ya Kiambere ilikuwa imewekwa kando, lakini mtoto alikataa kutoka kitandani. Tumbo. Nikamwambia nitampeleka hadi darasani. Akasema nikionekana darasani atachekwa mpaka afunge shule. Hadi getini, basi. Akasema hapana, hadi uani. Nikasema uani ni karibu na kitanda kuliko shule. Akafikiri, akasema: hadi posho mill, na nisimshike mkono, na nisiite jina lake. Nilitaka kubishana, lakini nilikuwa nimeshaona ameanza kufunga kamba za viatu. Mtu akishafika bei yake, muuzaji mwenye akili hunyamaza.

Tulifika posho mill. Akaniacha bila kwaheri, akaingia kijiani peke yake, mkoba umebana mgongoni. Kwa mbali, mwisho wa mashamba upande wa shule, mwalimu wa zamu alikuwa amesimama na mwavuli, akiangalia saa yake kama mtu aliyeonewa. Nilimfuata mtoto kwa macho hadi akampita, hadi sweta ikachanganyika na sweta nyingine. Kengele ikalia. Nikabaki hapo hapo.

Nyuma yangu mashine ikazimwa, na mama wa posho mill akachungulia, kalamu iko sikioni.

"Anti, unasaga ama umesimama tu?"

"Nimesimama tu."

Akanisukumia debe tupu nikalie.