Mabega ya Mama Kiho

Katika duka la nyuzi la Dada Tak, nyuma ya soko la mji wetu wa Wonju, mgeni huvua viatu, hupewa chai ya shayiri na kusogezewa nafasi kwenye sakafu inayopashwa joto kutoka chini kabla hajaulizwa anataka nini. Sharti ni moja: uzi ununuliwe pale. Ukishanunua, mafunzo ni bure, na kukaa ni mpaka wanao wakupigie simu. Mimi nilikwenda nikidhani nitafuma skafu moja nikaondoka. Hata leo sina hakika kama najua kufuma, wala kama ni mimi ninayestahili kuandika habari za Mama Dasol. Lakini wenzangu wote pale wana kazi mikononi.

Mama Dasol alikuwa mpishi wa shule. Alimlea binti yake peke yake, na alijivunia jicho lake: akiwatazama watoto wakiingia, alijua kiasi cha wali utakaoliwa. Vuli ile Dasol alichumbiwa, na upande wa bwana harusi ukatuma neno kwamba zawadi za desturi kutoka upande wa bibi harusi zisiletwe kabisa. Kwetu neno kama hilo laweza kuwa wema, laweza kuwa mtihani, na hakuna anayethubutu kuuliza ni lipi. Mama Dasol akakosa usingizi. Alihofia binti yake ataingia katika nyumba ile kama mtu aliyekuja mikono mitupu, na kwamba atakumbushwa hivyo maisha yake yote. Akaamua kumfumia sweta mkwe mwenzake, Mama Kiho, mamake bwana harusi.

Tatizo lilikuwa kipimo. Alikuwa amemwona mara moja tu, siku wazazi walipokutana mkahawani, naye Mama Kiho alikaa nyuma ya meza muda wote, amevaa koti lenye mabega mapana. Kuulizia, hata kupitia Dasol, kungekuwa kutangaza zawadi iliyokatazwa. Akanigeukia.

"Mwalimu, hebu simama. Geuka. Dada Tak, mabega si haya haya?"

"Hayo ni mabega ya kuli," akasema Dada Tak bila kuinua macho. "Mwombe mwalimu radhi."

Sikuombwa radhi. Tangu siku hiyo nikawa mwili wa Mama Kiho. Kila kipande kilipokamilika nilisimamishwa, nikazungushwa, nikakatazwa kupumua. Chuoni, ninakofundisha historia, mara nyingi hujiuliza nani angegundua nisipofika. Pale nilitafutwa kwa simu nikichelewa.

Sweta ikapelekwa kwa mkono wa Dasol. Mama Kiho akapiga simu, akashukuru, akasema imemkaa vizuri. Mama Dasol alitusimulia simu ile juma zima. Alidai yule mama alishukuru haraka mno, kama mtu anayefunga mlango. Tulimwambia aache kujitesa, hakuacha.

Jumamosi moja mlango ukafunguka, akaingia mwanamke mdogo wa umbo, ametoka mji wa Jecheon kwa treni, na Dasol ndiye aliyemwelekeza. Alipovua koti lake la baridi tuliiona sweta: mabega yalikuwa yameteremka karibu na viwiko, na mikono imekunjwa na kukunjwa tena. Mama Dasol akainama kwa heshima. Mgeni akainama zaidi. Akasema amekuja kushukuru ana kwa ana.

"Mkwe mwenzangu, nisamehe," Mama Dasol akasema. "Lakini siku ile mkahawani ulikuwa na mabega."

Mama Kiho akatazama sakafu. "Koti lile ni la dada yangu. Niliogopa mtatuona watu duni."

"Sisi tuwaone ninyi duni? Ule mkoba niliokuja nao siku ile, mwenyewe ndiye yule pale."

"Na haujarudi mpaka leo," akasema Dada Tak.

Mama Kiho ndiye aliyecheka kwanza. Alijiziba mdomo kwa mkono wa sweta, na ule mkono ukamfunika uso mzima. Alipotulia akaeleza, kwa sauti ya chini, kwamba walikataa zawadi kwa sababu wangepaswa kurudisha zao, na mwaka ule hawakuwa na cha kurudisha. Mama Dasol aliketi ghafla, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi ivue," akasema.

"Usiifumue. Nitaivaa hivi hivi."

"Utavaa hema kwenye harusi ya mwanangu? Vua."

Safari hii alimpima kwa futi ya fundi, kila upande. Uzi ukafumuliwa ukiwa umejikunja kama tambi, Dada Tak akaupitisha kwenye mvuke wa birika ili unyooke, na Mama Kiho akainua mikono yote miwili ili azungushiwe uzi huo. Akabaki hivyo, amefungwa, hawezi kushika kikombe wala kukataa chochote kwa adabu. Dada Tak akaleta machenza. Mama Dasol akamenya moja, akatoa nyuzinyuzi nyeupe za ganda, akamsogelea.

"Fungua mdomo, mkwe."

Akafungua.